Chupa Moja, Ghorofa Tano

Mimi ni tarishi. Kazi yangu ni ngazi.
Lifti ya chuo chetu, hapa Khulna, ilikufa mwaka wa mafuriko
na hakuna idara iliyokubali kuwa maiti ni yake.

Jumatatu nikakabidhiwa chupa ya maji, kizibo kimezungushiwa utepe,
ubavuni wino wa buluu: *Dhalipara, kisima namba tisa.*
Sikumwambia mtu kuwa namba tisa ni cha shangazi yangu,
kuwa mpini wa pampu ile ndio ulionivunja jino la mbele.
Tarishi hubeba. Haulizwi.

Chini kabisa, kemia. Dokta Rehnuma Sikder
akatumbukiza waya, akasubiri, akaandika tarakimu,
akaifuta, akausuuza waya, akatumbukiza tena.
"Chombo kimeharibika," alisema.
Chombo kilikuwa kizima.

Ghorofa ya pili, kijana wa hisabati akaichora ile tarakimu
pamoja na dada zake za miaka ya nyuma. Mstari ukapanda.
Akaurefusha kwa penseli mpaka karatasi ikaisha,
akaendelea juu ya meza.

Watu wa uchumi, mlango wa pili, hata hawakuigusa chupa.
Waliniuliza bei ya kamba sokoni.
Kamba wanapenda chumvi, walinieleza kwa upole,
kidimbwi kimoja cha kamba hushinda mashamba matatu ya mpunga.
Ni kweli. Shangazi alikodisha shamba lake kwa mwenye vidimbwi,
na kamba hao hao ndio waliomfunga.

Kwa mzee Mostakim wa historia, ghorofa ya tatu, nilipiga chafya.
Alifunua daftari la kodi lililotobolewa na mchwa,
kidole kikateremka: "Dhalipara. Mpunga, misimu miwili.
Nazi. Maji matamu."
Akarudia, *maji matamu*,
kisha akanitazama kana kwamba ndimi niliyeyaiba.

Mwanasheria alitaka kujua mshtakiwa anaishi wapi.
Nikamwonyesha dirisha.
"Anwani kamili," akasema.

Ni Nazneen Tarafdar peke yake, wa isimu, ghorofa ya nne,
aliyeiweka chupa kando akaniuliza mimi:
"Kwenu maji haya mnayaitaje?"
Nikasema: nona.
Akaliandika, akalizungushia duara,
akangoja, kama anayejua kuna jingine nyuma ya meno.

Nona. Na kweli yamenona.
Yamekula vichwa vya minazi, imebaki nguzo.
Yamekula matofali ya jikoni kuanzia chini, taratibu, kama mtoto na mkate.
Yameingia kwenye mishipa ya mke wa binamu yangu, mimba ya miezi saba,
muuguzi akisoma kipimo cha presha anakunja uso.
Maji yamenona, mama. Sisi ndio tuliokonda.

Hili sikulisema lote. Nilisema nusu, nikakumbuka ngazi.

Ghorofa ya tano, mkutano. Walikuja wote
wakabishana jina la nani litangulie kwenye ripoti,
na kama "janga" ni neno la kisayansi.
Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, ameukalia kama kiti.
Saa ikapita. Jobeda wa chai akanivuta kanzu:
tangi limekauka, maji yapo?
Nikatazama chupa. Naye akaitazama.

Maziwa yalikatika mara tu yalipoingia sufuriani.
Aliwamiminia hivyo hivyo.

Nilihesabu vikombe kumi na kimoja.
Mwanasheria alitema ndani ya leso.
Wa uchumi akaomba sukari, akaongeza, akaongeza.
Rehnuma alikunywa mpaka chini, polepole,
na sikuona akiandika chochote.

"Sampuli iko wapi?" akauliza mwenyekiti.
Walitazama vikombe vyao.

Ijumaa nitashuka Dhalipara. Shangazi ataniuliza wamesema nini.
Nitampa chupa, nimeshaiosha.
Ataifurahia. Ina kizibo kizuri, hakivuji.